VAT ya asilimia 16: Tunagombania mbili wakati mshindani ni sifuri

Tangu Septemba 1, 2025, ukinunua kitu Tanzania Bara kwenye duka lililosajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, we mwenyewe hujasajiliwa, alafu ukalipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki badala ya kuhesabu noti, unatozwa asilimia 16 sio 18. Mtaani hili jambo limepokelewa kwa namna mbili. Kuna wanaosema serikali imetupunguzia ukali wa maisha, na kuna wanaosema ni geresha tu, asilimia mbili unanunulia nini siku hizi. Mi naona wote wanabishana pembeni ya jambo lenyewe, maana wote wanalinganisha 16 na 18, wakati mnunuzi akiwa amesimama dukani halinganishi 16 na 18 hata siku moja, analinganisha na sifuri. Na msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane: kodi ya matumizi ni kodi nzuri kwa nchi kama yetu na ningependa tuitegemee zaidi kuliko sasa, ila hili punguzo limebandikwa upande usio sahihi wa mnyororo, tena linaleta tatizo jipya ambalo sijaona likizungumzwa.

Nianze na dukani. Mwaka jana nilikuwa natafuta pampu ya maji maeneo ya Gerezani, Kariakoo, jamaa akaniambia laki nne na ishirini. Nikauliza, na risiti? Akaniangalia kama mtu niliyetoka mbali. "Bosi, ya risiti ni laki nne tisini na tano na mia sita." Hajashika hata kalkuleta, ile asilimia 18 anayo kichwani kama jina la mwanae. Sasa chukua ile pampu uipeleke kwenye sheria mpya: 420,000 ukiongeza asilimia 16 ni 487,200. Kwahiyo punguzo la serikali ni 8,400, na punguzo la muuzaji akificha mauzo ni 75,600. Hapo sihitaji kumaliza chuo kikuu cha uchumi kujua kastoma wa kawaida ataenda wapi, na mimi siyo malaika, nilisimama pale nikawaza kidogo.

Tukumbuke tulipotoka. VAT ilianza kwetu Julai 1, 1998, enzi za Mkapa, TRA, mamlaka ya mapato, ikiwa bado changa, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Ilianza na asilimia 20, mwaka 2009 ikashushwa hadi 18, alafu ikaja sheria mpya ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika Julai 2015. Wazo lenyewe la VAT ni la Wafaransa wa mwaka 1954, na uzuri wake ni kwamba haikai sehemu moja. Kiwanda kinalipa kidogo, muuza jumla kidogo, muuza rejareja kidogo, na kila mmoja anajikatia ile kodi aliyoilipa kwa aliyemuuzia, mradi ana risiti. Ndo maana risiti ni roho ya hii kodi. Fundi akinunua mbao za milioni moja na kulipa VAT 180,000, akauza fenicha kwa milioni mbili na kutoza 360,000, anaipelekea TRA 180,000 tu maana zile nyingine zilishalipwa njiani. Bila risiti ya mbao anadaiwa 360,000 nzima. Yaani kila mfanyabiashara anakuwa askari wa mwenzake, anadai risiti sio kwa uzalendo bali kwa sababu isipokuwepo anaumia yeye.

Huyu askari wa kujitolea anaishia kwa mnunuzi wa mwisho. Mimi niliyenunua pampu ya kumwagilia mchicha nyumbani sina pa kujikatia, risiti kwangu ni karatasi. Kwa miaka yote serikali imejaribu kuziba hilo tundu kwa mashine za EFD zinazotoa risiti za kielektroniki, kwa lile tangazo la ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, na kwa kumtia hatiani hata mnunuzi asiyedai. Fimbo peke yake haikutosha, ndo ikaja karoti ya asilimia mbili. Kwa hiyo ukilielewa hivi, punguzo sio msaada wa gharama za maisha hata kidogo, ni mshahara. Serikali inakulipa asilimia mbili uwe karani wake, ulipe kwa njia inayoacha alama. Wazo sio baya. Swali ni kama mshahara unatosha na kama umelipwa kwa utaratibu mzuri, na kote kuwili nina mashaka.

Wanaoitetea wana hoja ambazo huwezi kuzipuuza. Ajira rasmi kwetu ni za wachache, na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inamkamata mwalimu, nesi na karani wa benki kuanzia mshahara unaozidi 270,000 kwa mwezi, akifika milioni moja kila shilingi ya juu yake inakatwa asilimia 30, wakati mwenye fremu tatu Kariakoo na nyumba za kupangisha Sinza anajikadiria mwenyewe. Huyu wa pili ukimfuata kwenye mapato humpati, ila anakula, anajenga, anabadilisha simu, anasomesha, anafunga ndoa ya watu mia nne. Kodi ya matumizi inamsubiri huko kwenye kutumia. Hiyo ndo sababu kubwa inayonifanya niwe upande wa VAT. Nyingine ni kwamba sehemu kubwa inakusanywa bandarini na mipakani, mzigo unapoingia, sehemu ambazo walau kuna geti.

Wanaopinga nao wana yao, na ile nzito ni kwamba kodi hii inamuumiza maskini maana yeye anatumia kila anachopata, tajiri anabakisha. Kwenye karatasi ni kweli. Ila ukienda kwenye maisha yenyewe mambo yanachanganyika. Mama anayenunua dagaa, mchicha, mahindi na mkaa kwa jirani yake hapo gengeni hakutani na VAT moja kwa moja, muuzaji hajafika mauzo ya milioni 200 kwa mwaka ambayo ndo yanakulazimisha kusajiliwa, na vyakula visivyosindikwa vimesamehewa. VAT inamkuta mtu anavyozidi kusogea kwenye supamaketi, kwenye bia, kwenye vocha, kwenye saruji na bati. Kwahiyo kwetu haimuumizi maskini kiasi kile vitabu vya Ulaya vinavyosema, ingawa inamfikia kwa mlango wa nyuma, kwenye sabuni, kwenye nondo na misumari ya kibanda chake. Lakini hapohapo punguzo jipya linageuza mambo: anayelipa kwa kadi au kwa simu supamaketi anapewa asilimia 16, mwenye noti za kukunja kwenye kanga anatozwa 18 kwa bidhaa ileile. Mwenye akaunti anapata nafuu, asiye nayo anachangia. Hili serikali ilitakiwa ilijibu na sijasikia jibu.

Kuna hoja ya 18 yetu kuwa kubwa mno kuliko majirani, hii haishikiki. Uganda 18, Rwanda 18, Burundi 18, Kenya 16, Kongo 16. Tuko palepale na wenzetu.

Alafu kuna hoja dhaifu kuliko zote ila ndo inayopendwa, utaikuta kwenye kila kijiwe chenye wasomi wawili: tufute kodi ya mapato yote, tufute PAYE, tubaki na kodi moja tu ya matumizi inayotozwa dukani unaponunua, kila mtu atalipa kwa kadri anavyotumia, makadirio na usumbufu wote basi. Hii haijaanzia kwetu, Marekani wanayo, wanaiita FairTax, imekuwa ikipelekwa Bunge lao tangu mwaka 1999 na haijawahi kupita. Wale jamaa ni moja ya nchi chache tajiri zisizo na VAT ya kitaifa kabisa, majimbo mengi yana kodi yao ya mauzo. Wanasema kiwango ni asilimia 23, ila hiyo 23 imehesabiwa ndani ya bei. Kitu cha dola 100 unaongeza 30, unalipa 130, na 30 ukiigawa kwa 130 ndo unapata hiyo 23. Kwa hesabu yetu sisi ya Kariakoo hiyo ni asilimia 30. Sasa mtu ambaye kwa asilimia 18 tu anakuuliza "ya risiti au bila risiti", kwa 30 atakuuliza nini? Na kosa kubwa zaidi sio kiwango, ni mahali pa kukusanyia. Kodi inayotozwa mara moja tu, kwa muuzaji wa mwisho, inaweka mzigo wote kwenye pingili iliyooza kuliko zote. VAT ikivuja dukani angalau ya bandarini na ya kiwandani imeshaingia hazina. Hii nyingine ikivuja dukani imevuja yote. Nchi yenye fremu, machinga na mawinga kama yetu kuchagua mfumo huo ni kuweka akiba kwenye mfuko uliotoboka.

Na tukisema kodi ya kitaifa tuweke na nyota pembeni, maana VAT yetu sio hata ya taifa zima. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, VAT sio. Zanzibar wana sheria yao ya VAT ya mwaka 1998 na mamlaka yao ya kukusanya. Kwahiyo duka la Darajani haliguswi na hili punguzo. Hiyo ni mada ya siku nyingine, ina watu wake.

Turudi kwenye lile tatizo jipya nililosema. Muuzaji wa rejareja ananunua mzigo kwa asilimia 18, maana yeye amesajiliwa na punguzo halimhusu. Anauza kwa 16 kwa anayelipa kwa simu. Chukua duka la simu, biashara ya faida nyembamba: ananunua simu kwa milioni moja, VAT 180,000. Anaiuza milioni moja na laki moja, VAT ya asilimia 16 ni 176,000. Umeona? Amekusanya pungufu ya alicholipa. Serikali inadaiwa naye 4,000 kwenye simu moja, na yeye amefanya kila kitu kwa uaminifu. Ukipiga hesabu, yeyote anayeongeza chini ya asilimia 12 na nusu juu ya bei ya kununulia, na wateja wake wote wakalipa kielektroniki, ataishi na madai kwa serikali kila mwezi. Wenye biashara za faida nyembamba wako hapo. Na kwetu marejesho ya VAT yana sifa gani? Wenye migodi na viwanda, wenye wahasibu na mawakili, wamekuwa wakilalamikia kucheleweshewa kwa miaka, sembuse mwenye duka la simu Makumbusho ambaye pesa yake ya kuzungusha ndo hiyohiyo. Huyu atafanya nini? Atakupandishia bei kidogo ili arudishe, hapo punguzo lako limemezwa, au atakwambia mtandao unasumbua leo lipa keshi, au mbaya zaidi atakupa namba yake ya kawaida badala ya lipa namba ya biashara. Hili la mwisho halihitaji utafiti, tembea tu mitaa mitatu na simu yako.

Na hapo kwenye simu kuna kidonda cha zamani. Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, watu wakarudi kwenye noti haraka kuliko walivyotoka, na hata iliposhushwa kwa asilimia 30 miezi michache baadae imani haikurudi yote. Leo haohao waliotozwa kwa kutumia simu wanaambiwa watumie simu wapate nafuu. Sio ajabu wanaangalia kwa jicho la pembeni. Ukiongeza makato ya muamala wenyewe, kwa manunuzi madogo ile asilimia mbili inaishia kwenye kampuni ya simu kabla haijakufikia.

Wanaobeza watakwambia bei haishuki kamwe hata kodi ikishushwa, na ushahidi wao ni taulo za kike. Bajeti ya 2018 ilizisamehe VAT, mwaka mmoja tu baadae Mpango, Waziri wa Fedha wa wakati ule, akarudisha kodi akisema bei haikushuka na waliofaidika ni wafanyabiashara. Ni mfano wa kweli ila unasomwa vibaya. Kusamehewa sio sawa na kutozwa kiwango cha sifuri. Kitu kilichosamehewa, mwenye kiwanda hawezi kujikatia VAT aliyoilipa kwenye pamba, umeme na vifungashio, kwahiyo inabaki ndani ya bei. Cha kiwango cha sifuri anarudishiwa yote. Wakenya hii tofauti wanaijua vizuri, mkate wao uko kwenye kiwango cha sifuri, na pendekezo la 2024 la kuutoza asilimia 16 lilikuwa moja ya yaliyowasha hasira hadi likaondolewa hata kabla Juni 25, siku waandamanaji walipovamia Bunge, haijafika. Sisi tulisamehe nusunusu, tukasubiri mwaka, tukasema haikufanya kazi. Punguzo la 16 lisije likahukumiwa hivyohivyo, likafutwa kwa sababu ambayo sio yenyewe.

Rwanda walilitazama tundu hilihili wakaliziba tofauti. Tangu 2024 mnunuzi wa mwisho akidai risiti ya mashine yao anarudishiwa asilimia 10 ya VAT iliyoandikwa kwenye risiti hiyo. Kiwango dukani kinabaki 18 kwa wote, muuzaji hahangaiki na hesabu mbili, hakuna anayeishia kuidai serikali kwa sababu ya kuuza, na zawadi inalipwa pale tu risiti ilipotoka. Asilimia 10 ya 18 ni 1.8, karibu sawa na mbili zetu. Kwa pampu yangu ingekuwa 7,560. Pesa ileile, ila kwao imenunua risiti, kwetu imenunua muamala tu, na muamala sio risiti.

Lakini hata 7,560 haiwezi kushindana na 75,600, hili lazima niliseme hata kama linaharibu mfano wangu. Kwa hiyo tuulize lile ambalo halikuulizwa: kwanini yule jamaa wa Gerezani anaweza kunipa punguzo la elfu sabini na tano? Watu wanasema ni mwizi wa kodi, wamemaliza. Mi nadhani tatizo lake lilianza Guangzhou, China, anakonunua mzigo. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hawana mtaji wa kujaza kontena, wanachangia watu wengi kontena moja, wakala ndo anatoa mzigo bandarini kwa jina lake, wao wanaletewa maboksi yao bila nyaraka yoyote ya forodha yenye jina lao. VAT ya bandarini ililipwa au haikulipwa, kamili au nusu, yeye hana karatasi ya kuonyesha. Akinikatia risiti ya EFD anadaiwa ile 75,600 nzima, hana cha kujikatia hata shilingi. Ndo maana migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilikuwa mikali vile, ukaguzi wa risiti na kamatakamata vilikuwa vinamuuliza muuzaji swali ambalo jibu lake lilibaki bandarini. Simtetei, mwingine ni tapeli kweli na nyaraka anazo. Nasema tu faini kwa mnunuzi wala asilimia mbili haviwezi kumgusa.

Sasa fikiria kila aliyechangia kontena anapata tamko lake dogo la forodha kwa mzigo wake mwenyewe, hata kama ni maboksi kumi. Tuseme pampu imeingia kwa thamani ya 350,000 na akalipa VAT 63,000 palepale, karatasi ina jina lake. Akiniuzia kwa 420,000 na risiti, anakusanya 75,600, anajikatia 63,000, anaipelekea TRA 12,600. Akiniuzia bila risiti zile 63,000 zimeshaondoka mfukoni kwake, hawezi kuzificha, kwahiyo punguzo lote analoweza kunipa ni hizo 12,600. Hapo ndo zawadi ya mnunuzi inapata maana, maana 7,560 ikija kwenye simu yangu baada ya risiti, kilichobaki cha kunishawishi nikubali magendo ni 5,040, na kwa 5,040 mi nachukua risiti, pampu ikiungua wiki ya pili nina kitu cha kumrudia nacho.